Chai Bila Sababu

Kuna wimbo wa Kijapani wa mwaka 1972 unaoitwa "Gakuseigai no Kissaten". Ukilifasiri jina lake unapata kitu kama "Mkahawa wa Mtaa wa Wanafunzi". Uliimbwa na vijana watatu waliojiita GARO, magitaa mkononi, sauti zikipandana kwa namna iliyowafanya wafananishwe na Crosby, Stills na Nash wa Marekani. YouTube ilinipa wimbo huu usiku mmoja bila mimi kuuomba, baada ya wimbo mwingine kuisha, na tangu hapo umekataa kutoka kichwani. Kijapani changu kinaishia kwenye katuni, kwa hivyo ilibidi nikae na maneno yake mstari kwa mstari, nikilinganisha tafsiri moja na nyingine mpaka yakakubali kutulia.

Habari yenyewe ni hii. Mtu anaukumbuka mkahawa aliozoea kuja na mwenzake. Walikuwa wakikaa kwenye kona, wanafunzi wakipiga kelele pande zote, Bob Dylan akisikika. Siku hizi muziki ule hausikiki tena pale na sura za watu zimebadilika. Nje ya dirisha miti ya kando ya barabara inapendeza, na anahisi kama mlango utafunguka sasa hivi yule mwenzake aingie. Wakati ule hawakujua kwamba kile walichokuwa nacho kinaitwa mapenzi, na waliachana bila hata kuagana. Ni hayo tu. Hakuna kifo, hakuna usaliti, hakuna mtu analia kwenye mvua.

Kilichonishtua ni kingine. Nilitafuta kahawa kwenye wimbo mzima, haimo. Wimbo wa mkahawa, na hakuna anayekunywa kahawa! Wanakunywa chai. Sawa, Wajapani husema "kunywa chai" hata wakimaanisha kukaa pamoja mbele ya kikombe chochote, kama sisi tunavyoomba "ya chai" ilhali hakuna jani litakalochemshwa. Lakini hata jina la mahali penyewe lina chai ndani yake. Kissa ni kunywa chai, ten ni duka. Mkahawa wa Kijapani, ule wenye viti vya ngozi na kahawa nyeusi inayochujwa polepole, jina lake ni duka la kunywea chai.

Sasa geuza upande wa pili. Kiswahili kina neno mkahawa, na halifichi lilikotoka. Ingia mkahawa wowote pale Karatina, karibu na soko, uangalie kinachonywewa. Chai ya maziwa, imechemshwa sufuria moja na majani na sukari, mandazi au chapati pembeni. Na wala hatuuiti mkahawa. Mkahawa ni neno la mtangazaji wa habari na karatasi ya mtihani. Sisi tunasema hoteli, hata kama hakuna kitanda hata kimoja. Kwa hivyo wao wana duka la chai linalouza kahawa, sisi tuna mkahawa unaouza chai, na katikati kuna meli imetoka Mombasa na magunia.

Nimeusikiliza wimbo huu Nyeri, mahali ambapo kahawa inamea mpaka nyuma ya choo, na nimefikia hapa: wimbo wenyewe unahusu kukaa. Neno zito kuliko yote ndani yake ni lile linalosema kwamba walikunywa na kuongea bila sababu. Kukaa bila sababu, mchana, ukiwa kijana, ni kitu ambacho mji wangu haujawahi kumpa mtu bure.

Nianze na hili neno "usiojulikana", kwa sababu nyimbo kama hizi hutufikia zikiwa zimebandikwa kibandiko hicho, kana kwamba ziliokotwa jalalani. Wimbo huu haukuwahi kuwa wa kichochoroni. Ulitoka Juni 1972 ukiwa upande wa pili wa santuri, upande ambao watu hawatarajii kitu, halafu ukapanda wenyewe hadi mwaka 1973 ukawa namba moja Japani. Aliyeandika muziki wake ni Koichi Sugiyama. Kama umewahi kucheza Dragon Quest basi umeshamsikia, maana ndiye yule yule aliyeutungia mchezo huo muziki kuanzia 1986. Maneno ni ya Michio Yamagami. Wote wawili walikuwa mafundi wa kazi hiyo, watu wa kutunga kwa kuagizwa. Wale vijana watatu waliletewa wimbo, wakauimba, ukawameza.

Kwa hivyo usiojulikana na nani? Hapa kwetu tuna Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema, Murang'a, aliyezaliwa 1939 na kufariki 2018. Ukitaja jina lake kwenye matatu ya kwenda Othaya, dereva ataimba ubeti mzima kabla hujashuka. Baada ya kifo chake, mjukuu wake, ambaye wameitana jina na anayefanya muziki wa sauti za mazingira kwa jina KMRU, alianza kuzitoa upya kanda za babu yake kwenye Bandcamp. Nina hakika kuna msee mahali Osaka anasikiliza Kamaru saa hii na kumwambia rafiki yake kwamba amegundua hazina iliyofichika. Haikufichika. Ilikuwa inapigwa hapa kila Jumamosi. Mimi na huyo msee wa Osaka tunapungiana mkono kutoka ncha mbili za meza moja, kila mmoja akidhani amemvumbua mwenzake.

Neno jingine linalotupoteza ni "fouku". Ukisikia muziki wa fouku wa Kijapani unaweza kufikiria wazee wa kijijini na ngoma za mavuno. Hizo zipo na zina jina lake lingine. Fouku ya miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa ya wanafunzi wa vyuo, gitaa moja, nywele ndefu, na hasira juu ya vita vya Vietnam. Mwaka 1969, kwenye uwanja wa chini ya ardhi wa lango la magharibi la kituo cha treni cha Shinjuku, Tokyo, vijana walikuwa wakikutana Jumamosi jioni kwa maelfu kuimba. Serikali ilijibu kwa njia ambayo kila Mkenya ataielewa. Polisi waliwatawanya, ndiyo, lakini kabla ya kumaliza kazi waliwabadilishia vibao pia. Mahali palipoandikwa "uwanja" pakaandikwa "njia". Ikishaitwa njia, anayesimama amevunja utaratibu. Tembea, msee. Usikae hapa.

Februari 1972, kikundi cha wanamapinduzi kilichobaki kutoka kwenye vuguvugu lile la wanafunzi kilijifungia na mateka kwenye nyumba ya mapumziko mlimani, Asama-Sanso, siku kumi, televisheni ikirusha moja kwa moja. Kufikia wakati huo vyuo vilikuwa vimenyamaza. Miezi minne baadaye ndipo ukatoka wimbo wa mkahawa ambamo hapasemwi neno hata moja kuhusu polisi, Vietnam au bendera. Kuna Dylan tu, na Dylan mwenyewe hasikiki tena.

Unaweza kuulaumu wimbo kwa hilo. Nimejaribu. Unaweza kusema ulichukua kizazi kilichopigwa virungu ukakifanya kiwe hadithi ya mpenzi asiyerudi, ukakipaka asali, ukakiuza. Vinanda vinaingia laini mno, na katikati kuna zumari la Kizungu linalolia kama lililipwa kwa kila chozi. Ila usikilize ngoma na besi chini yake. Zinakimbia. Mwimbaji, Masumi Ohno, anaimba taratibu kama mtu aliyeegemea meza, lakini besi haina subira, inasukuma, inataka kuinuka na kuondoka. Ndiyo maana wimbo huu haulali. Juu mtu amekaa, chini muda unapita mbio. Mtu asingehitaji kuelezewa siasa za 1972 ili aisikie hiyo. Na kule kutosema kwake kunafanya kazi pia. Wimbo wa mtu aliyeshindwa mara nyingi huongea juu ya kila kitu isipokuwa alichoshindwa nacho.

Kuna wimbo mwingine wa kuuweka kando yake ili tuone vizuri. Wataru Takada, mwimbaji wa fouku aliyezaliwa 1949 na kufariki 2005, alirekodi "Coffee Blues" kwenye albamu yake ya 1971. Takada hafichi kitu. Anautaja mkahawa kwa jina, Inoda, ambao upo Kyoto, anautaja na mtaa wenyewe, na anakunywa kahawa kweli, leo, wala si zamani. Ni wimbo mwepesi, wa kuchekesha kidogo, wa mtu anayejua atokako na aendako. Ukitaka unaweza kupanda treni ukaenda ukaketi pale pale. GARO nao hawataji mji wala mtaa. Mkahawa wao hauna anwani.

Kama ningeulizwa ni upi bora kiufundi, ningesita, kisha ningesema wa Takada, kwa sababu kutaja jina la mahali ni ujasiri na wimbo wake hauombi huruma ya mtu. Lakini ule usio na anwani ndio uliofika Nyeri. Wimbo wenye jina la mahali unakualika uende huko. Usio na jina unakuja kwako na kuuliza: yako iko wapi?

Swali hilo ndilo lililonikalia vibaya. Kahawa yangu iko wapi?

Iko kila mahali, na hainywewi. Kwa miongo mingi ya ukoloni, Mwafrika wa sehemu hizi alizuiwa kupanda kahawa, ilhali mlowezi wa Kizungu aliipanda anavyotaka. Mlango ulifunguliwa hasa miaka ya 1950, katikati ya Hali ya Hatari, na Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukaufungua zaidi. Maana yake kahawa iliingia kwenye boma la cucu wangu wakati mmoja na kambi, vibali vya kutembea na vijiji vya kulazimishwa. Iliingia ikiwa pesa, na imebaki hivyo. Unachuma cheri nyekundu, unazipeleka faktori, unazimwaga kwenye gunia lililotandikwa chini uzichague tena, za kijani na zilizokauka kando, unapimiwa, unaandikiwa. Zinamenywa, zinachachushwa, zinaoshwa kwenye mifereji, zinaanikwa kwenye vitanda vya waya. Kisha unangoja. Miezi. Kilo sita au saba za cheri ndizo hutoa kilo moja tu ya buni iliyokauka, na buni hiyo inapangwa kwa ukubwa, AA, AB, PB, inaenda mnadani Nairobi, na huko inapata wenyewe.

Harufu ya kahawa ninayoijua mimi, basi, haina uhusiano na harufu ya duka la kahawa. Ni harufu ya maganda yaliyochacha chini ya faktori, chungu na tamu, inayokushika koo ukivuka mto. Na mara chache kwa mwaka, baada ya mvua, ni harufu ya maua meupe ya kahawa yanayofunguka yote kwa siku mbili tatu kama vile mtu amemwaga asmini shambani. Kahawa iliyokaangwa niliinusa kwa mara ya kwanza nikiwa nimemaliza shule ya upili.

Nilimuuliza cucu kama amewahi kunywa kahawa ya shamba lake. Aliniangalia kama niliyeuliza kama amewahi kula karo ya shule. "Kahũa nĩ ya kwendio," akasema. Kahawa ni ya kuuza. Yeye hunywa chai, vikombe viwili asubuhi, kimoja saa kumi.

Kumbukumbu za wazee wetu kuhusu kahawa zipo, na ni tamu kuliko unavyodhani, lakini ni kumbukumbu za bei. Julai 1975 baridi kali iliua kahawa Brazil, na kufikia 1977 bei duniani ilikuwa imepaa. Uliza mzee yeyote kuanzia Mukurweini hadi Kerugoya, macho yatamwaka: nyumba za mawe, mabati mapya, pikapu, watoto shuleni. Halafu 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei yakavunjika, bei zikaanguka, na watu wakaanza kupanda mahindi katikati ya mistari ya kahawa. Kizazi kizima kimesomeshwa na kahawa na kizazi kilichofuata kimeitelekeza. Hiyo ni hadithi kubwa kuliko ya mvulana na msichana kwenye kona. Ila angalia jinsi inavyosimuliwa: hakuna mtu amekaa ndani yake. Wote wamesimama, wamebeba kitu, wanangoja kulipwa.

Pwani ni tofauti, na hili huniuma kidogo kwa sababu lugha ninayoandikia ni yao. Mombasa, Lamu, Unguja, kahawa ina watu wake wa kuikalia. Muuzaji na dele lake, makaa chini, vikombe vidogo vikigonganishwa, kahawa chungu, kashata au halua pembeni, wazee barazani. Pale Jaws Corner katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, kahawa, siasa na bao ni kitu kimoja. Hao hawalimi kahawa kama sisi, lakini wanaikalia. Kiswahili kilipopanda mlima kutufikia kilikuja na neno mkahawa, baraza ikabaki huko chini.

Sisi tunakaa wapi basi? Tunakaa usiku. Muziki wa kukumbuka, kwetu, ni mugithi. Neno lenyewe ni treni: watu wanashikana mabega, wanazunguka baa kwa mstari, na mtu mmoja mwenye gitaa anaunganisha nyimbo za zamani bila kusimama, Kamaru kwa DK, DK kwa wimbo wa kanisani, wa kanisani kwa matusi. Ni kumbukumbu ya pamoja, ya jasho, ya nyama choma na chupa. Mwandishi mkubwa wa vichekesho kutoka Nyeri, Wahome Mutahi, yule wa "Whispers" aliyefariki 2003, alituchora kwenye kiti cha baa na hakukosea. Napenda mugithi. Lakini ni kumbukumbu inayohitaji kelele, na ifikapo asubuhi haikumbuki yenyewe. Mtu mmoja, mchana, akiwa hajalewa, mbele ya kikombe, anakumbuka mtu mmoja: hicho ndicho kiti ambacho wimbo wa GARO umenionyesha kwamba ninakikosa.

Hoteli ya chai ingeweza kuwa kiti hicho. Nazijua hoteli za Nyeri mjini vizuri, kwa sababu kazi yangu ni ya kuandika kipande kwa kipande na ofisi yangu ni mahali penye soketi. Nimejifunza hesabu yake. Chai moja ni kodi ya kiti kwa nusu saa. Ikipita hapo, kitambaa cha kufutia meza kinaanza kupita karibu na mkono wako. Ikipita saa nzima, unaulizwa "nikuongezee?" kwa sauti isiyo ya swali. Sina kinyongo na mhudumu. Kuna watu wa steji wanangoja kula na hiyo meza lazima ilipe. Chai yetu inanyweka haraka kwa sababu imetengenezwa kwa mtu anayerudi kazini. Ni kituo cha mafuta. Hao watu wawili wa kwenye wimbo wasingemaliza hata ubeti wa kwanza.

Siku hizi kuna sehemu nyingine, Nyeri kidogo, Nanyuki zaidi kwa sababu ya watalii, zenye mashine za chuma zinazopuliza mvuke na kapuchino yenye maua juu. Huko hakuna anayekufuta. Lakini kikombe kimoja kinaweza kuzidi malipo ya kilo nzima ya cheri, na kilo moja ya cheri inatosha vikombe vinane hivi. Siku ya kwanza niliponunua nilikunywa nikipiga hesabu. Nani anaweza kukumbuka mapenzi akipiga hesabu? Na kuna kejeli nyingine ndogo: Japani ile ya mikahawa ilikuwa na kahawa ya Afrika Mashariki kwenye menyu, ya Tanzania, na wanaiita "Kilimanjaro" mpaka leo. Kwa hivyo kuna uwezekano kwamba kikombe cha meza ya pili kwenye wimbo ule kilitoka kwa jirani yetu. Mkulima alikuwemo ndani ya chumba muda wote. Hakuna aliyemwona, hata mwandishi wa wimbo.

Narudi kwa wanafunzi, kwa sababu wimbo ni wao. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Sina hadithi ndefu ya hilo, karo na nyumbani, unajua mwenyewe. Lakini ninayekumbuka mtaa wa wanafunzi ni mimi, si wale waliomaliza. Waliomaliza wana picha za kofia na joho. Mimi nina lango, hosteli za mabati, foleni ya fotokopi, mtu wa smoki na mayai mwenye kachumbari kali, na rafiki mmoja tuliyekuwa tukisimama naye hapo kwenye kigari cha smoki mpaka saa nne usiku tukibishana kama vitabu vya Ngũgĩ vya Kikuyu ni bora kuliko vya Kiingereza. Tulisimama. Hapakuwa na kiti. Na siku niliyopanda matatu na begi langu sikumuaga, kwa sababu nilidhani naenda wiki mbili.

Niliposikia kwamba watu wa kwenye wimbo waliachana bila kuagana, nilisimamisha wimbo. Wala si mapenzi niliyokuwa nikifikiria. Nilifikiria kwamba kila mtu aliyeacha kitu katikati ameacha bila kuagana, kwa sababu ukiaga umekubali kwamba unaondoka.

Na nilifikiria Juni 2024. Vijana walipotoka barabarani kuukataa Mswada wa Fedha, Nyeri, Karatina na Nanyuki hazikubaki nyuma. Watu wa rika letu walijuana kwa majina ndani ya wiki mbili kuliko walivyojuana miaka mitatu ya masomo. Nchini kote kuna ambao hawakurudi nyumbani. Halafu kelele ikapungua, kama ilivyopungua Shinjuku. Nimesikia nyimbo nyingi za mwezi ule, za bendera na moshi, na nyingi ni nzuri. Lakini nyimbo za baadaye bado zinakuja, zile za mtu ambaye ameingia mahali walipozoea kukutana, akakuta muziki umebadilishwa na sura ni ngeni, na bado anaangalia mlango. Hizo huchukua miaka. Japani zilichukua mitatu.

Ndiyo maana naona wimbo huu una thamani kwetu zaidi ya utamu wake. Unatufundisha kwamba maumivu ya watu wengi yanaweza kuingia kwenye meza ya watu wawili bila kupungua, mradi mwandishi awe na subira ya kutaja dirisha, mti na mlango, na kunyamaza kuhusu mengine. Na unatuonya pia. Wimbo uliotulia hivi unaweza kumfanya msikilizaji asahau kwamba kulikuwa na jambo la kunyamaziwa. Ukiutunga wetu, nakuomba uibe kutoka kwa wote wawili: kimya cha GARO, na ujasiri wa Takada wa kuandika anwani. Taja hoteli. Taja steji. Taja bei ya chai mwaka ule. Na kama kuna kahawa ndani yake, mwache na mchumaji awe na mstari.

Wawili kati ya wale vijana watatu wa GARO wameshaaga dunia. Wimbo haujali, besi bado inakimbia. Usikilize mchana, si usiku, na ukae chini ukiusikiliza. Wakikuuliza "nikuongezee?", sema ndiyo. Halafu mpigie simu yule uliyemwacha bila kumuaga.